Barua za Bandani: Mgeni Anapanda Saa Moja, Masaa 23 Yanayobaki ni Yetu

Kamwene wasomaji. Toleo lililopita nilisimulia kidogo jinsi nilivyofanya kazi miaka tisa kwenye shamba la wageni huku upande wa Mufindi, lile lenye farasi, na mhariri akaniambia nikaribishe barua, nikacheka, maana nani ana shida na farasi Tanzania hii. Kumbe wapo. Barua zimejaa. Nimechagua chache, zingine nimezifupisha, na ambao nimewajibu kwa ukali kidogo wanisamehe, ni kwa nia njema.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Ilula, nimemaliza form four, nyumbani ni nyanya na vitunguu tu. Binamu yangu kaniambia kuna shamba la wageni linatafuta vijana wa farasi. Sijawahi kumgusa farasi ila ng'ombe na punda nawajua vizuri. Siku yenyewe inaendaje? Na ni kweli kazi ni kupanda farasi na wazungu tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kupanda utapanda, siku ikifika, ila hiyo ya "tu" iondoe kabisa kichwani. Mgeni anapanda saa moja, sana sana mawili, halafu anaenda kunywa chai na kupiga picha. Masaa yote yanayobaki farasi ni wako.

Utaamka saa kumi na moja alfajiri. Kama ni mwezi wa sita au wa saba utakuta sakitu imelala kwenye majani nyeupe kama unga na maji ya kwenye karai yana kigamba cha barafu juu, mikono inauma, na hutaruhusiwa kuvaa glovu za sufu kwa sababu kamba inateleza. Sasa kosa la kila mgeni wa kazi ni kukimbilia kuwapa majani. Subiri. Kitu cha kwanza ni kusimama mlangoni ukaangalia. Ndoo ya jana usiku imeisha au imebaki imejaa? Mavi yapo mafungu mangapi, na ni laini au yamekauka kama mawe? Amesimama miguu yote minne au kuna mmoja anaupumzisha, na kama ni wa mbele anaupumzisha basi kamwite mkubwa wako sasa hivi, maana wa nyuma kupumzisha ni kawaida lakini wa mbele ni maumivu. Hiyo ni dakika mbili kwa kila farasi na mimi nakuambia ndo dakika ambazo zinalipiwa mshahara, mengine yote mtu yeyote anaweza.

Baada ya hapo ndo majani makavu, maji, halafu toroli. Farasi mmoja mkubwa anatoa kama kilo 20 za samadi kwa siku, we piga hesabu mwenyewe kama wapo kumi na mbili. Unatoa yaliyolowa, unaongeza maranda makavu. Maranda huku hatuna shida nayo, viwanda vya mbao Mafinga vimejaa, ila chukua ya mbao ambayo haijapigwa dawa, na yakiwa na vumbi sana yanyunyizie maji kidogo kwa sababu mapafu ya farasi hayapendi vumbi. Kisha unapiga brashi, unachokoa kwato zote nne, unaweka blanketi, tandiko, unafunga mkanda wa tumboni, unamtembeza hatua kumi halafu UNAKAZA TENA. Wajanja wengine wanavimbisha tumbo wakati wa kufungwa, ukiridhika wanapumua, mkanda unalegea, na mgeni anazunguka na tandiko lake mpaka chini ya tumbo. Nimeona kwa macho yangu, alikuwa mama mmoja mnene mcheshi sana, akacheka mwenyewe, lakini ingeweza kuwa kilio.

Saa mbili wageni wameshakunywa chai, mnatoka. Njia zetu zilipita kwenye misonobari, halafu chai, halafu bwawa, na ukungu wa Mufindi ukishuka humuoni wa mbele yako, unafuata sauti ya kwato tu. Mkirudi unatoa tandiko, unapangusa jasho, unaangalia mgongo kama umechubuka. Mchana ni kusafisha ngozi za hatamu, kurekebisha fensi, kupakua majani. Jioni kuna safari nyingine. Jua halijazama wote wawe ndani, sababu nitaieleza kwenye barua ya mzee wa Pawaga. Saa nne usiku unapita tena na tochi.

Ulisema unajua ng'ombe na punda. Vizuri, lakini itakusumbua mwanzoni. Ng'ombe anacheua, ana tumbo kubwa, unaweza kumpa chakula asubuhi na jioni akaridhika. Farasi hacheui, tumbo lake ni dogo ukilinganisha na mwili, ameumbwa kula kidogo kidogo siku nzima. Ng'ombe akipiga teke linakuja pembeni, la farasi linaenda moja kwa moja nyuma na mara nyingi ni miguu yote miwili. Na punda akiogopa anasimama kama nguzo mpaka umchape ndo asogee, wakati farasi akiogopa anaondoka kwanza halafu anafikiria baadaye. Ukishaelewa hilo la mwisho umeelewa nusu ya kazi.

Nenda kaombe. Ukiulizwa unajua nini, sema ukweli kwamba hujui. Wanaojifanya wanajua ndo wanaoumia.

SWALI: Mimi ni dada wa Uyole, Mbeya. Niliajiriwa jikoni kwenye hoteli ya shamba, sasa wamenihamishia bandani sababu wafanyakazi wamepungua. Wiki ya kwanza farasi kanikanyaga mguu akaganda hapo hapo, nimelia, wenzangu wa kiume wananicheka kila siku. Naogopa sana kumpitia nyuma. Nifanyeje jamani, kazi naitaka.

JIBU: Ugonile dada. Kwanza wanaokucheka waulize wao walikanyagwa mara ngapi, hakuna saisi, yaani mtunza farasi, ambaye kucha zake zote kumi ni za asili.

Akikukanyaga usivute mguu, ngozi itachanika. Weka bega lako kwenye bega lake umsukume kwa uzito wako wote, akihamishia uzito upande wa pili ndo unatoa mguu. Na hapa nataka kujua ulikuwa umevaa nini, maana wengi huku mnavaa gambuti kwa ajili ya matope. Gambuti kusafishia banda sawa, ila kupandia hapana, ni pana mno, linanasa kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia cha tandiko, na ukidondoka unaburuzwa. Tafuta buti la ngozi lenye kisigino kidogo, la mitumba linatosha kabisa, pale Mwanjelwa hukosi.

Kuhusu kupita nyuma. Macho ya farasi yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa sehemu mbili: nyuma kabisa ya mkia na hapa mbele ya paji la uso. Kwaiyo ukitokea nyuma kimya kimya we kwake ni simba. Ongea. Anza kuongea ukiwa mbali, sema chochote, mhesabie bei za vitu sokoni. Halafu weka mkono kwenye bega, uuteleze mgongoni, mpaka kiunoni, huku unatembea, mwili wako umeugusa wake kabisa kama mnavyopita kwenye daladala. Ukiwa umembana hivyo hata akirusha teke linakusukuma tu, halina nafasi ya kuchukua nguvu. Au pita mbali, mita tatu kwenda juu. Pale katikati, mita moja na nusu hivi, ndo pabaya, na ndo hapo mwoga anapopenda kupita kwa sababu anaona si karibu si mbali.

Angalia masikio. Yakiwa mbele anashangaa kitu, yakizunguka zunguka anakusikiliza, yakilala nyuma yamebana shingoni ondoka hapo dada, maelezo baadaye.

Na kamba. Usijizungushie kamba mkononi hata siku moja, ikunje kama nane uishike katikati. Mimi nilijizungushia mwaka wangu wa kwanza, pikipiki ikapiga honi barabarani, na mpaka leo kidole changu cha pete cha mkono wa kulia hakinyooki. Mke wangu anasema kinaonekana kama kinamuita mtu.

Woga wako usiufukuze wote. Bakisha kiasi.

SWALI: Habari mhariri. Nipo Rungwe, nina kijisehemu cha kupokea wageni na nimenunua farasi wawili kwa ajili ya kuwatembeza. Gharama za chakula zinaniua. Nina parachichi nyingi zinadondoka chini, nina mahindi ya mwaka jana yamepata ukungu kidogo, na chakula cha kuku kimebaki mifuko minne baada ya kuuza kuku. Je naweza kuchanganya? Pia kupe wamezidi, nataka niwapitishe josho la ng'ombe la kijiji.

JIBU: Ndugu yangu. Nimesoma barua yako nimesimama. Yaani katika mambo manne uliyoandika yote manne yanaweza kuua, na sisemi kwa kukutisha.

Parachichi: majani, maganda, tunda, vyote vina kemikali inaitwa pesini. Sisi binadamu haitusumbui, farasi inamvimbisha kichwa na shingo, kiwele kwa jike, na inaenda mpaka kwenye moyo. Majani ndo mabaya zaidi. Najua Rungwe kila boma lina mparachichi, na najua kivuli chake ni kizuri, ila usimfunge farasi chini yake, atatafuna kwa kukosa kazi. Zungushia fensi.

Mahindi ya ukungu: kuna ukungu wa kwenye mahindi unatengeneza sumu inayoshambulia ubongo wa farasi, inaulainisha kabisa. Ng'ombe anaweza kula ukaona yupo poa, kwaiyo watu wanadhani ni salama. Farasi ataanza kuzunguka zunguka, anagonga ukuta, haoni, na ukishaona hivyo umeshachelewa. "Ukungu kidogo" haipo, kuna wenye ukungu na wasio na ukungu.

Chakula cha kuku: hili ndo watu wengi hawajui kabisa. Vyakula vingi vya kuku vya viwandani vinawekwa dawa ya kuzuia koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuhara wa kuku, kama monensini au salinomaisini. Kwa kuku ni dawa. Kwa farasi kiasi kidogo tu kinaharibu misuli ya moyo. Wala usitumie ndoo ile ile. Kwa ng'ombe pia baadhi ya vyakula vina monensini, soma karatasi ya mfuko, na kama mfuko hauna karatasi usimpe.

Josho: uliza dawa iliyomo. Ikiwa ni amitrazi, ambayo kwa ng'ombe inatumika sana, kwa farasi inagandisha utumbo, anapata koliki, yaani maumivu makali ya tumbo, ya kuziba. Muite bwana mifugo akupe dawa inayofaa farasi, mpulizie kwa pampu, na kila siku jioni pitisha mkono mwenyewe ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya mapaja, utoe kupe kwa vidole. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo.

Sasa umpe nini? Majani. Kwa wingi wake farasi ni mnyama wa majani, farasi wa kilo 450 anataka kama kilo tisa za majani makavu kwa siku, akichunga unapunguza, ya Rhodes ni mazuri sana na huku nyanda za juu yanastawi. Ukipata lusini, yale majani ya mifugo ya jamii ya kunde, ongeza kidogo. Pumba safi ya mahindi kwa kiasi, chumvi ya kulamba, maji masafi lita 25 mpaka 50 kutegemea jua na kazi. Kama huwezi kumlisha hivyo wote wawili, uza mmoja, halafu huyo aliyebaki mtafutie hata mbuzi wa kukaa naye maana farasi akikaa peke yake anachanganyikiwa. Najua sio jibu ulilotaka.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Makambako. Katika miaka yako tisa ni usiku gani hautausahau?

JIBU: Mwalimu, swali fupi jibu refu.

Mwezi wa saba, baridi ile ya kukata masikio. Tulikuwa na jike mmoja wa hudhurungi tukimwita Kahawa, mpole, ndo tulimpandisha watoto. Saa nne nimepita na tochi kama kawaida. Wengine wote wanatafuna, ile sauti ya kutafuna usiku kwenye banda nzima ni sauti nzuri kuliko redio. Kwa Kahawa kimya. Nikamulika chini: mafungu matatu tu ya mavi, madogo, yamekauka, tangu asubuhi. Farasi mzima anaenda haja mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku. Nikamulika usoni, anageuza kichwa anaangalia ubavu wake mwenyewe, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Akapara chini kwa mguu mara moja. Akaangalia tena.

Pale chini ya taya kuna mshipa, unaweka vidole viwili unahesabu. Kawaida ni 28 mpaka 44 kwa dakika. Nilipata 56. Nikaweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi halinyamazi, linanguruma kama maji kwenye bomba muda wote, lakini upande wa kulia sikusikia kitu, nikahamisha sikio, sikusikia kitu.

Farasi hawezi kutapika. Hilo ndo linafanya tumbo lake kuwa hatari, kinachoingia njia ya kutoka ni moja tu, ikiziba imeziba. Bosi alikuwa safarini, nikampigia daktari wa mifugo Iringa mjini, kilomita kama 80, akasema anakuja lakini barabara ina malori. Nikatoa majani yote, nikamvika blanketi langu la kulalia juu ya lake, nikaanza kumtembeza taratibu kwenye uwanja. Huku na huku. Akitaka kulala ajigaragaze, namvuta, maana alianza kukunja magoti. Mlinzi akaja na kahawa, akakaa na sisi, hatukuongea kitu.

Daktari alifika saa saba kasoro. Akampiga sindano ya maumivu, akaingiza mpira kupitia puani mpaka tumboni, akamimina maji na mafuta ya kulainisha, ndoo nzima. Akasema sasa tusubiri, tukasubiri. Saa kumi na moja kasoro kidogo Kahawa akainua mkia.

Mwalimu, sijawahi kushangilia mavi maishani kama siku ile, mimi na mlinzi tulikumbatiana, na mgeni mmoja aliyeamka mapema kuangalia jua akaja kuuliza kuna sherehe gani.

Tulipochunguza sababu ilikuwa maji. Baridi kali inafanya maji ya kwenye birika yawe kama barafu, farasi anakunywa funda mbili anaacha, siku ya pili hivo hivo, majani makavu yanakauka ndani. Kuanzia hapo kila mwezi wa sita tulikuwa tunachemsha sufuria kubwa ya jikoni, tunachanganya mpaka maji yawe vuguvugu, na chumvi kidogo kwenye pumba iwape kiu. Mpishi alikuwa anatunanga kuhusu kuni zake, akikumbushwa usiku wa Kahawa ananyamaza.

SWALI: Sisi ni wafanyakazi wanne, shamba la wageni, mkoa wa Iringa, tusitaje. Tunafanya kazi siku saba kwa wiki sababu "farasi hawana jumapili". Tipu za wageni anakusanya msimamizi anagawa anavyojua. Mwenzetu kavunjika mkono akaambiwa ni uzembe wake. Haki yetu ni ipi?

JIBU: Farasi hawana jumapili, kweli. Ninyi mnayo. Mnapokezana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi: masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki na yasizidi tisa kwa siku, ya ziada yanalipwa mara moja na nusu, kuna mapumziko ya masaa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya mwaka siku 28 yenye malipo. Kwaiyo kama mnapenda kufanya siku ya mapumziko mnaweza kukubaliana, ila inalipwa mara mbili. Kazi ya banda inadanganya kwa sababu imekatika katika, alfajiri kidogo, jioni kidogo, usiku dakika ishirini, mtu anaona kama hujafanya kazi. Nunueni daftari la shilingi mia tano, kila mtu aandike saa aliyoingia na aliyotoka. Daftari hilo lina nguvu kuliko kelele.

Huyo wa mkono: kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mchango anatoa mwajiri peke yake, hamkatwi nyie. Ajali ya kazini ni ajali ya kazini. Mwambie atunze karatasi zote za hospitali na ajali iripotiwe haraka, asisubiri mpaka apone. Mkishindwana kabisa ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila mtu akifukuzwa ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko na mengine siku 60, watu wengi wanachelewa kwa kusubiri bosi apoe.

Tipu ndo ngumu, hapo sheria haikusaidii sana, inasaidia boksi. Sisi tulikuwa na msimamizi mmoja wa hivyo hivyo, noti za wageni zinaingia mfuko wake wa koti na zinatoka zimekonda. Hatukugombana naye. Tuliomba kwa bosi boksi la mbao lenye kufuli, likawekwa mapokezi, funguo mbili kwa watu wawili tofauti, linafunguliwa ijumaa mbele ya wote na mpishi na mfua shuka wanapata pia. Mwezi wa kwanza tu koti la msimamizi likapungua uzito.

SWALI: Mgeni wa kilo 120 amelipia kupanda. Namkataliaje? (Mafinga)

JIBU: Mapema, sio akiwa ameshikilia tandiko. Kipimo ambacho wengi wanafuata ni kwamba mzigo wote usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi, tandiko likiwemo. Farasi wa kilo 450 mzigo wake 90, toa tandiko kama kilo kumi, mgeni ni 80. Andikeni kwenye fomu ya kujiandikisha, muwe na mizani, na muwe na kitu kingine cha kumpa, gari la kukokotwa au kumtembeza farasi kwa mkono mpaka bwawani. Yule mama niliyemtaja juu alipanda gari la kukokotwa siku ya pili yake, akasema ndo siku bora ya safari yake, sijui kama alikuwa anatufariji.

SWALI: Mama mkwe anasema nikiendelea kupanda farasi sitazaa. Nina miezi mitano ya ndoa. (Njombe)

JIBU: Shikamoo kwa mama mkwe. Kupanda hakuzuii kuzaa. Ukishapata ujauzito hiyo ni habari nyingine, zungumza na kliniki, kwa sababu hatari sio farasi, hatari ni kudondoka. Na tafadhali usimweleze kwamba mwendo wa farasi wa kukimbia kidogo kidogo kwa Kiswahili unaitwa matiti, mimi nilimwambia bibi yangu "leo nimekwenda matiti" ikawa kesi ya ukoo.

SWALI: Mimi ni mzee wa Pawaga. Huku wageni wanapita kila siku kwenda Ruaha kuangalia tembo. Kwa nini hamshushi hao farasi wenu huku mkafanya biashara?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Biashara ingekuwepo, farasi wasingekuwepo.

Huko chini mna ndorobo, yaani mbung'o, na ugonjwa wake unamkausha farasi anabaki mifupa. Halafu kuna homa ya farasi ya Afrika, hii virusi vyake vinaenezwa na vidudu vidogo sana vinavyouma kuanzia jua linapozama mpaka linapochomoza. Punda milia wanakaa na virusi hivyo wala hawaugui, kwaiyo mbuga ni ghala. Farasi asiye na kinga anaweza kufa ndani ya siku chache, povu linamtoka puani, anazama kwenye mapafu yake mwenyewe, na wasio na chanjo wanaweza kufa tisa kati ya kumi. Dawa ya kutibu hakuna. Chanjo ipo, inatoka Afrika Kusini, inataka ubaridi njia nzima, na bado unawaingiza ndani kabla ya magharibi.

Ndo maana farasi wapo huku kwetu juu kwenye baridi mnayotucheka nayo. Sakitu ile inayotukausha midomo inaua pia vile vidudu. Mwaka ambao masika yalirefuka mpaka mwezi wa tano na joto halikutaka kuondoka, tulikuwa tunafunga banda saa kumi na moja jioni, wageni wananung'unika wanataka kupanda jua likizama wapate picha, bosi anasema hapana. Mgeni mmoja alitoa dola za ziada. Hapana. Hilo nilimheshimu.

Na simba mzee wangu, simba hujawataja.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa darasa la tano, Iringa mjini. Farasi analala saa ngapi? Na kwa nini anasimama?

JIBU: Mwanangu, analala akiwa amesimama, miguu yake ina namna ya kujifunga yenyewe kwenye magoti asidondoke, utamkuta mdomo wa chini umelegea na mguu mmoja wa nyuma umekaa kwa ncha ya kwato kama mama anayesubiri basi. Lakini usingizi mzito kabisa hawezi kuupata hivyo, lazima alale chini, muda mfupi tu kila siku, na anafanya hivyo akijisikia salama. Wakiwa kundi uwanjani wanapeana zamu, mmoja au wawili wanabaki wamesimama. Kwa kundi letu aliyekuwa anasimama karibu kila siku ni Kahawa. Alfajiri nikifika na toroli anageuza sikio moja tu kwangu, lingine linabaki kwa waliolala, na mimi nilikuwa naweka toroli chini taratibu nasubiri mpaka waamke wenyewe.